UZI: Vidonda vya tumbo hapa Mwanza, kabla hujanunua omeprazo nyingine pitia hapa (na nyie wa visiwani kuna la kwenu humu)

Tabibu_Pembezoni

Wakuu habari za jioni. Mimi ni tabibu, niko kituo cha afya pembezoni mwa jiji, sio bingwa wa tumbo, mabingwa wapo Bugando, hospitali yetu kubwa ya rufaa. Ila sisi wa huku chini ndo tunaopokea watu wa tumbo kabla hawajafika kwa bingwa na wengine huwa hawafiki kabisa, sasa kuna jambo limenikaa kooni nimeona nilimwage hapa.

Mtu anaingia anakaa anakwambia dokta mimi nina vidonda vya tumbo, vya muda mrefu. Unamuuliza nani alikupima, anasema nilienda duka la dawa nikaeleza napata moto chembe ya moyo wakanipa omeprazo na magnesiamu, nikapata nafuu, ikarudi, nikapewa tena. Miaka inaenda. Hajawahi kupimwa chochote, au amepimwa kile cha damu cha kutoboa kidole akaambiwa una bakteria, akapewa dawa za siku saba, akameza nne akaacha maana mdomo ulikuwa mchungu. Ukimwambia huenda hata hivyo vidonda huna anakuona hujui kazi.

Ukweli ni kwamba wengi wenye maumivu ya hapo juu ya kitovu ukiwapitisha kwenye mpira wa kamera huoni kidonda. Tumbo linauma, linajaa, linaunguza, lakini ukuta mzima. Hao dawa zao na maisha yao ni tofauti na mwenye kidonda cha kweli. Na mwenye kidonda cha kweli naye, asilimia kubwa chanzo ni viwili tu, bakteria anaitwa Helicobacter pylori, au dawa za maumivu, diklofenaki, brufeni, piroksikamu, indosidi, aspirini. Pilipili sio chanzo. Ndimu sio chanzo. Vinaweza kukuunguza kama tayari una shida lakini havitoboi tumbo la mtu mzima.

Kwa hiyo swali la kwanza nnalouliza mimi sio unakula nini, ni unameza nini. Na hapa Mwanza jibu nalijua kabla hajafungua mdomo, maana mbeba mizigo wa soko la Mwaloni, bodaboda, mama anayeinamia moto wa dagaa siku nzima, wote wana mgongo na wote wana diklo mfukoni. Anameza diklo asubuhi kwa ajili ya mgongo, jioni anameza omeprazo kwa ajili ya diklo. Huyo ukimtibu bakteria hujamaliza, akiendelea na diklo kidonda kinaweza kurudi vile vile. Paracetamo kwanza, na huo mgongo uangaliwe.

Isipokuwa tu wale waliopewa aspirini ndogo ya moyo au baada ya kiharusi, hao MSIACHE wenyewe nyumbani kwa sababu mmesoma uzi, nendeni kwa aliyewaandikia.

Naendelea chini, simu inaishiwa chaji.

Kigoto_Boy

Tunasubiri mkuu. Ila hapo kwa pilipili umenigusa, mke wangu kanipiga marufuku pilipili toka mwaka jana na bado tumbo linawaka 😂

Konda_Mstaafu

Dokta kwa heshima zote, sisi tunajua vidonda vinaletwa na mawazo na kutokula kwa wakati. Mimi miaka yote nipo kwenye hiace ya Igoma nilikuwa nakula saa kumi jioni ndo nikapata. Haya ya bakteria naona ya juzi juzi tu.

Tabibu_Pembezoni

Konda shikamoo. Sio ya juzi mzee wangu, ila ni kweli hata madaktari wenyewe walikuwa wanaamini hivyo hivyo, kwamba ni mawazo na asidi basi. Kulikuwa na watu wawili huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walikuwa wanaona vijidudu vimejikunja kwenye nyama ya tumbo za wagonjwa, 1982 wakafanikiwa kuviotesha maabara. Watu wakawacheka, wakasema tumboni kuna asidi hakuna kidudu kinachoishi. Marshall 1984 akaamua kunywa kikombe cha hao bakteria mwenyewe. Baada ya siku chache akaanza kutapika, mdomo ukanuka, wakampima tumbo limevimba ndani na wadudu wamejaa. Hakupata kidonda, alipata uvimbe wa ukuta, lakini ilitosha kuwatingisha watu. 2005 wakapewa Nobel wote wawili.

Hao wadudu wana kimeng'enya kinachovunja yurea kinatoa amonia, wanajizungushia hiyo amonia inapoza asidi karibu yao, ndo maana hawafi. Na mara nyingi mtu anaambukizwa utotoni, nyumbani, mdomo kwa mdomo au kinyesi kwenye maji na mikono. Afrika makadirio ni kama watu 7 katika kila 10 wanao. Wengi wao hawatapata kidonda maisha yao yote, hilo ulishike maana linakuja kwenye vipimo.

Kula kwa mpangilio sio vibaya, nafuu inaweza kuwepo. Mawazo nayo yanaongeza maumivu, sikatai. Sigara ndo mbaya zaidi, inachelewesha kidonda kupona. Ila ukila saa sita kamili kila siku na mdudu yupo na kidonda kipo, utakuwa unakula kwa wakati na kidonda chako.

Konda_Mstaafu

Marahaba. Endelea basi.

Tabibu_Pembezoni

VIPIMO. Hapa ndo pesa za watu zinapotea.

Kile cha damu cha haraka kinatafuta kinga za mwili, sio mdudu mwenyewe. Kinga zinabaki muda mrefu hata ukishapona. Yani ni sawa na kuangalia kovu mguuni ukasema huyu bado anavuja damu. Sasa mahali ambapo watu wengi hivi wameshakutana na mdudu, ukimpima kila anayepita stendi ya Nyegezi nusu na zaidi watakuja chanya. Halafu mtu anameza dawa, baada ya mwezi anapima damu tena, chanya, anameza tena, anapima, chanya. Nimekutana na dada amepewa dozi tatu mfululizo kwa kipimo hicho hicho na hakuna aliyemwambia kwamba kitaendelea kusoma chanya.

Kinachofaa kwa ngazi yetu ni kile cha CHOO, cha antijeni, hicho kinamtafuta mdudu aliyepo sasa hivi. Kuna cha kupuliza pumzi pia, kizuri sana lakini hakipo kila mahali. Na kuna cha kamera wakachukua kinyama.

Masharti ambayo watu hawaambiwi: ukae wiki mbili bila omeprazo wala ndugu zake (lansoprazo, pantoprazo, esomeprazo), na wiki nne bila antibayotiki yoyote. La sivyo mdudu anapungua kwa muda, kipimo kinakuja hasi, unafurahi bure.

Famasi_Kona

Mimi niko upande wa duka, naomba nijitetee kidogo. Dokta mteja anakuja saa mbili usiku anashika tumbo, mfukoni ana elfu mbili, zahanati imefungwa. Nimwambie akapime choo? Nampa magnesiamu na vidonge vichache vya omeprazo aamke salama. Na wengine ukikataa anaenda duka la pili.

Tabibu_Pembezoni

Famasi sikulaumu kwa usiku huo mmoja, hata mimi ningempa. Shida ni mwezi wa sita anaponunua kwako zile zile na hamna aliyemuuliza kitu. Nakuomba mambo mawili tu, muulize kama anatumia diklo (halafu usimuuzie zote mbili kwenye mfuko mmoja 😅), na muulize choo kikoje na kama amepungua kilo. Dakika moja hiyo.

Na kingine cha hapo dukani, hiyo magnesiamu. Ndugu zetu wanaotumia ARV zenye dolutegraviri, magnesiamu na aluminiamu inaishika dawa tumboni haiingii mwilini vizuri. Anatakiwa ameze ARV masaa mawili kabla ya magnesiamu au masaa sita baada yake. Hili watu wengi hawalijui na mteja hawezi kukutamkia mbele ya foleni kwamba yuko kwenye dawa, kwa hiyo we sema tu kwa kila mtu, kama una dawa za kila siku achanisha masaa.

Famasi_Kona

Hilo la dolutegraviri nalichukua. Nitaandika kikaratasi pale kaunta.

MamaSangara

Dokta samahani, omeprazo inamezwaje? Mimi nameza nikisikia maumivu. Na maziwa je, maana mimi nikinywa maziwa ya mgando linatulia kabisa.

Tabibu_Pembezoni

Mama, omeprazo sio panadoli kwamba unameza likiuma. Inazima mitambo ya asidi na mitambo inawaka ukila, kwa hiyo imeze nusu saa kabla ya kula asubuhi, kila siku, kwa muda ulioambiwa. Ukimeza usiku baada ya ugali umeshajaa inafanya kazi nusu nusu. Maziwa yanapoza kwa muda, baadaye tumbo linatoa asidi tena. Kunywa kama chakula, dawa sio.

Haya MATIBABU, maana kuna mtu kanitumia meseji pembeni ananiuliza.

Ambaye umri haujaenda na hana dalili za hatari (nitazitaja), tunapima choo, akiwa chanya tunamtibu bila kumpeleka kwenye kamera. Hii sio ujanja wa masikini, hata Ulaya na Marekani wanafanya hivyo kwa ngazi ya kwanza. Akiwa hasi na hatumii diklo, omeprazo mara moja kwa siku wiki nne mpaka nane halafu tunaangalia.

Dawa za mdudu ambazo wengi mnazijua ni omeprazo 20 mara mbili, amoksilini gramu 1 mara mbili, klarithromaisini 500 mara mbili. Sasa hapa naomba tuelewane, SIKU 14. Zile pakiti za siku 7 zimezoeleka lakini ushahidi uko wazi, mapitio ya Cochrane ya 2013 yalikusanya tafiti nyingi wakakuta kwa siku 7 wanapona kama asilimia 73 na kwa siku 14 kama 82. Kwa mtu mmoja unaweza kuona ni tofauti ndogo, kwangu mimi ninayeona foleni kila jumatatu sio ndogo.

Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema. Ukipewa fleji (yani metronidazo) ndani ya mchanganyiko pombe weka pembeni. Mdomo utakuwa mchungu, utaharisha kidogo, vumilia, usiache katikati maana ukiacha unawafundisha wadudu.

Na wameshafundishwa vya kutosha. Fleji kwa Afrika imechoka, usugu ni mkubwa sana. Klarithromaisini nayo inaelekea huko huko, hata hapa Bugando walichunguza wadudu wa wagonjwa wa hapa hapa wakakuta mabadiliko ya vinasaba yanayoleta usugu wa klarithro na wa kundi la siprofloksasini. Ndo maana miongozo mipya ya wenzetu, ya Ulaya ya 2022 na ya Marekani ya 2024, wanapendelea dawa nne zenye bismathi, yani bismathi, tetrasaiklini, metronidazo na omeprazo siku 14. Bismathi kwetu huipati kila famasi na mtu ameze vidonge vingi hivyo mara nne kwa siku, ni kazi. Lakini kama ulishatumia klarithro ikashindwa, usirudishiwe klarithro ile ile. Na levofloksasini msikimbilie kuomba, ile inagusa pia TB, unaweza ukaificha TB ya mtu ukaja kuipata imeshaenda mbali.

Baada ya hapo, wiki nne tangu umalize antibayotiki, PIMA CHOO TENA. Usiulize tumbo linasemaje. Linaweza kuuma na mdudu ameisha, linaweza kunyamaza na mdudu yupo. Hiyo ndo hatua inayorukwa na karibu kila mtu.

MitiShamba_Usukumani

Mnawatisha watu na makemikali. Mimi nina dawa ya mizizi, siku 21 vidonda kwisha kabisa, shuhuda ninazo Magu, Kisesa mpaka Geita. Mnaohitaji njooni inbox.

Kigoto_Boy

Na huyu katokea wapi tena

Tabibu_Pembezoni

Muache, sina ugomvi naye. MitiShamba, wazee wetu walijua miti na dawa nyingi za hospitali zilianzia kwenye miti. Mimi nina ombi moja tu, mteja wako apime choo kabla, anywe mizizi yako siku zako 21 bila kuchanganya na kitu kingine, asubiri wiki nne, apime choo tena. Kipimo kile kile ninachojipima nacho mimi. Wakitoka hasi kumi kwa kumi mimi mwenyewe nitawaleta wengine. Shuhuda ya "nimepata nafuu" hata maziwa ya MamaSangara hapo juu yanayo.

MitiShamba_Usukumani

Tutaona.

Jembe_la_Nansio

Wabeja dokta kwa darasa. Mimi niko Ukerewe. Mdogo wangu ni mvuvi, mwezi uliopita ametapika damu nyingi sana, beseni, bila hata tumbo kumuuma sana. Hapa watu wakasema vidonda vimepasuka, kanunuliwa omeprazo na ndizi. Sasa hivi yupo amekaa, amechoka sana, tumbo upande wa kushoto lina kitu kigumu. Tumpeleke wapi?

Tabibu_Pembezoni

Jembe acha kusoma uzi, mpande meli ya kesho asubuhi naye mkaingie Bugando, na akitapika tena leo usiku ni hospitali ya hapo Nansio saa hiyo hiyo. Sitaki kukutisha ila nitakwambia kwa nini, na wengine wa visiwani na mwaloni wasome hapa hata kama mliruka huko juu.

Damu nyingi, maumivu kidogo, kitu kigumu kushoto (hilo linaweza kuwa bandama), mvuvi, maji ya ziwa tangu utotoni. Kichwa changu hakiendi kwenye vidonda kwanza, kinaenda kwenye KICHOCHO. Sio kile cha kukojoa damu, hiki cha kwetu ziwani ni cha matumbo, mayai yake yanakwenda kwenye ini yanakaa yanaleta makovu kuzunguka mishipa, damu inakosa njia ya kupita kwenye ini, inarudi nyuma, bandama linavimba na mishipa ya kwenye koo la chakula inatutumka. Siku ikipasuka mtu anatapika beseni. Bugando walipowapitisha kwenye kamera wanaotapika damu, mishipa hiyo ndo iliongoza, vidonda vya tumbo vikafuata nyuma. Ukisoma vitabu vya Ulaya utakuta kinyume, huko vidonda ndo namba moja. Kwa hiyo mtu akikariri kitabu bila kuangalia yuko ziwa gani anampa mgonjwa omeprazo na kumwambia apumzike.

Matibabu yake ni mengine kabisa. Wanaingiza kamera wanaifunga ile mishipa kwa vipira, kuna dawa ya kupunguza presha ya huko (propranolo), ultrasaundi ya ini, na prazikwanteli ya kuua minyoo. Prazikwanteli peke yake hairudishi ini lililoshapata kovu, lakini usipoitumia kovu linaendelea. Dogo asipewe diklo wala aspirini kwa lolote, hata kichwa kikimuuma.

Jembe_la_Nansio

Nimekuelewa. Tunajipanga na meli ya asubuhi. Asante sana aisee.

Konda_Mstaafu

Mungu amsaidie dogo. Dokta hizo dalili za hatari ulisema utazitaja hujazitaja.

Tabibu_Pembezoni

Kweli mzee. Kutapika damu au vitu vyeusi mithili ya unga wa kahawa. Choo cheusi ti kinachonata na harufu yake utaijua tu (vidonge vya kuongeza damu navyo vinaleta weusi, lakini havinati). Kupungua kilo bila sababu. Chakula kukwama kikishuka. Kutapika kila unachokula. Kuishiwa damu. Uvimbe unaoshikika. Ndugu wa damu aliyekuwa na saratani ya tumbo. Na umri, wenzetu huko wanaweka 60 wengine 55, mimi kwa huku ukishavuka 45 na maumivu ni mapya nakuandikia rufaa ya kamera. H. pylori iliwekwa kwenye kundi la visababishi vya saratani vya uhakika na WHO tangu 1994, kwa hiyo sichezi hapo.

Na kuna moja ya dharura kabisa, maumivu ya ghafla makali kuliko yote uliyowahi kupata, tumbo limekaza haligusiki, hutaki hata kujigeuza. Hiyo imetoboka. Usipewe chai, usipewe uji, usichomwe sindano ya maumivu ukarudi nyumbani, ni gari mpaka penye chumba cha upasuaji. Madaktari wa upasuaji wa Bugando walichapisha mwaka 2011 wagonjwa 84 waliotobokwa, umri wa katikati miaka 28. Vijana! Na kama 7 katika kila 10 hawakuwa na historia ya kutibiwa vidonda kabla. Wengi walifika wakiwa wameshakaa nyumbani siku kadhaa. Pombe na sigara zilikuwa nyingi mno kwenye kundi lile.

Ah na nyie mnaokuja na moto wa chembe ya moyo mkiwa na kisukari au presha na umri umeenda, mnatoka jasho, pumzi inakata, huo unaweza kuwa moyo. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kwanza, magnesiamu baadaye.

MamaSangara

Dokta mimi nimemeza omeprazo miaka mingi, nikiacha siku mbili naungua kuliko mwanzo, nikajua ndo sitaacha tena.

Tabibu_Pembezoni

Hiyo inaitwa kurudi kwa kishindo mama, tumbo lilizoea kuzuiwa, ukiliachia linatoa asidi nyingi kwa wiki kadhaa. Haina maana kwamba kidonda kimerudi. Tunapunguza taratibu, kama ulikuwa unameza mbili unashuka moja, halafu siku moja moja unaruka, hapo katikati unajisaidia na magnesiamu. Wapo wanaohitaji kuendelea nayo kweli, wanaotumia aspirini ya moyo kwa mfano, au waliowahi kutoka damu. Wewe sijui uko kundi gani mpaka tukupime.

MamaSangara

Sasa hicho cha choo natakiwa nifunge kula? Na nichukue asubuhi?

Tabibu_Pembezoni

Hufungi, kula kama kawaida, saa yoyote. Chukua kichupa maabara, kiasi kidogo tu kinatosha, kisichanganyike na mkojo, ukipeleke siku hiyo hiyo usikiache juani. Cha muhimu ni zile wiki mbili bila omeprazo. Ukizidiwa katikati kunywa magnesiamu hiyo haiharibu kipimo, na ukiona choo cheusi usisubiri wiki mbili kuisha.

Kigoto_Boy

Na mimi pilipili nirudishe?

Tabibu_Pembezoni

Pima choo kwanza halafu mwonyeshe shemeji majibu, hayo mengine malizaneni wenyewe 😂